Siku Refa Alipokosa wa Kumtukana

Kwa miaka kumi na moja Nicolaus alichezesha mpira kwa masikio.

Macho alikuwa nayo, tena kwa vitu vya karibu yalikuwa mazima kabisa. Wiki nzima alikata nyasi kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme pale Hale, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba fyekeo lake limeruka hata jani. Shida ilikuwa mbali. Mchezaji akishafika hatua thelathini kutoka aliposimama, Nicolaus hakuona tena mtu, aliona jezi inayokimbia yenyewe. Siri hiyo aliitunza kama hati ya shamba, kwa sababu refa asiyeona mbali hana cha kujitetea.

Kilichomweka mjini ni matusi.

Kila mwaka mavuno yakiisha, Hale ya Korogwe na Kwaluguru ya Handeni hukutana kwenye Kombe la Mkonge. Kombe lenyewe halipo, lilipotea zamani. Siku hizi mshindi huondoka na mbuzi. Mechi ni mbili, ya kwanza Hale, ya pili Kwaluguru, na zote huchezeshwa na Nicolaus, maana hakuna refa mwingine aliyewahi kukubaliwa na pande zote. Yeye ni mzaliwa wa Hale, mjukuu wa mkata mkonge aliyeletwa kutoka Kigoma enzi za makambi, lakini mke wake Fausta ni Mzigua wa Kwaluguru. Watu wa Hale husema anawabeba wakwe zake. Watu wa Kwaluguru husema anawabeba majirani zake. Basi wakaona bora huyo wanayemshuku kwa usawa.

Nicolaus hupuliza filimbi kwanza, halafu husikiliza. Wakimtukana Hale peke yao, anajua ameionea Hale. Wakimtukana Kwaluguru peke yao, anajua kule nako amekosea, na anatafuta namna ya kujirekebisha kabla mambo hayajaharibika. Wakimtukana wote kwa mpigo, moyo wake hutulia, kwa sababu hapo amepatia. Washika vibendera hawakumsaidia kitu. Mmoja hutoka Hale, mwingine Kwaluguru, na kila mmoja hunyanyua kibendera kwa mapenzi ya kijiji chake.

Lakini katika kelele zote hizo kulikuwa na sauti moja aliyoitegemea kuliko zote, na hiyo ilikuwa ya mama mkwe wake.

Kijijini walimwita Mama Fausta. Nicolaus hakumwita chochote. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawatajani majina, na wawili hao waliishika mila hiyo barabara. Nicolaus akiingia uani, mama hujifunika kanga kichwani na kugeukia ukuta. Nicolaus naye hutazama vidole vya miguu yake. Salamu hupitia kwa Fausta. "Mwambie mkwe wangu, habari za Hale?" "Mwambie mama, shikamoo, Hale ni salama." Ndoa ilikuwa na miaka kumi na mitatu, watoto watatu, na Nicolaus hakuwahi kuuona uso wa bibi yao.

Uwanjani mambo yalikuwa mengine. Filimbi ikishaning'inia shingoni, mkwe anabaki nyumbani na anayesimama pale ni refa, na refa ni wa watu wote. Hapo kanga ya Mama Fausta hushuka kutoka kichwani ikafungwa kiunoni, na sauti yake ikavuka uwanja mzima: "We refa! Hayo ni macho au vifungo vya shati?"

Ajabu yake ni kwamba hakuwa na upande. Alikuwa shabiki wa Kwaluguru wa kufa na kuzikana, tena mtoto wake wa mwisho, Yordani, ndiye mshambuliaji wao. Lakini akiona kosa alilisema, liwe la nani. "Ameotea huyo Yordani! Puliza, unangoja nini, unangoja posho?" Nicolaus alipuliza. Daima alipuliza nusu sekunde baada ya mama mkwe kusema, na watu wakamsifu kwamba ni refa asiyekurupuka.

Mwaka uliopita Mama Fausta aliugua malaria, hakufika uwanjani, na Nicolaus akaruhusu goli la mtu aliyeotea waziwazi. Barua ya malalamiko ikaenda Korogwe kwa katibu wa marefa, Mzee Eliasi.

"Mwanangu," Mzee Eliasi alimwambia, "kila mwaka napokea barua mbili juu yako, moja ya Hale, moja ya Kwaluguru, zote zimejaa matusi. Naziweka pamoja kwenye faili, nakunywa chai. Mwaka huu imekuja moja tu, ya Hale. Barua mbili ni mpira. Barua moja ni rushwa. Ikija tena ya upande mmoja, hiyo filimbi utaiacha hapa mezani."

Nicolaus alitoka ofisini ameishika filimbi mfukoni. Mtu anaweza kudhani filimbi ni filimbi tu. Lakini wiki nzima watoto wa darasa la nne walimwita "we kijana wa nyasi", naye alikuwa na miaka arobaini na miwili. Jumamosi wanaume wazima walimwita mheshimiwa refa, ndipo wakamtukana. Bila filimbi angebaki na nyasi tu, na hilo lilimuumiza kuliko alivyoweza kueleza.

Basi mwaka huu, wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza, akaja mtafiti.

Aliitwa Joyceline, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ametoka chuo kikuu Dar es Salaam, ana daftari, kinasa sauti na kofia pana ya majani. Alisema anasomea udaktari. Watu watatu wakamweleza habari za magoti yao kabla hajafafanua kwamba udaktari wake si wa sindano. Alikuwa anachunguza michezo na jamii: nani anacheza, nani anatazama, na refa anaishije na watu aliowapulizia filimbi.

Nicolaus alimkaribisha kibarazani, akatia saini karatasi ya kukubali kuhojiwa.

"Samahani, dada," akasema. "Yaani wewe umesoma miaka yote hiyo ili uje utazame watu wanaotazama mpira?"

"Ndiyo, kaka," alijibu Joyceline bila kukasirika. "Na nimtazame refa anayetazamwa nao. Niambie, siku mechi ikiisha, unajuaje kwamba leo umechezesha vizuri?"

Swali hilo lilimchoma Nicolaus mahali pabaya. Jibu la kweli lilikuwa mdomoni kabisa. Akalimeza.

"Kwa kuzifuata sheria kumi na saba za mpira wa miguu," akasema, na kifua akakitoa.

Joyceline akaandika, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeomba ugali akapewa menyu.

Kama mambo yangeishia hapo pasingekuwa na kisa. Lakini Kwaluguru kulikuwa na mtendaji wa kijiji aitwaye Mhina, mtu mwema sana mwenye maradhi ya kuona mradi kila mahali. Aliposikia neno utafiti aliitisha mkutano siku hiyo hiyo.

"Ndugu zangu, utafiti hauji hivi hivi," aliwaambia. "Kwanza anakuja mtu na daftari. Kisha anakuja mtu na tepu ya kupimia. Kisha linakuja greda. Huyu dada anapima nidhamu ya watu uwanjani, mimi najua mambo haya. Kijiji kitakachoonekana kina adabu ndicho kitakachojengewa uwanja wa nyasi, wenye jukwaa. Kwa hiyo kuanzia sasa, refa hatukanwi."

Watu wakanung'unika. Mzee mmoja akauliza, sasa uwanjani wataenda kufanya nini?

"Mtapiga makofi," akasema Mhina.

Habari ziliruka hadi Hale kabla ya jua kuzama, na mwenyekiti wa kule naye akaitisha mkutano wake, kwa sababu Hale haikuwa tayari kupitwa na Kwaluguru kwa adabu wala kwa kitu kingine chochote. Hakuna aliyemwambia Nicolaus. Walidhani atafurahi.

Mechi ya kwanza ikapigwa Hale, Joyceline ameketi pembeni na daftari lake. Dakika ya tatu Nicolaus akapuliza faulo ambayo hakuwa na uhakika nayo hata kidogo, akatega sikio.

Kimya.

Kisha makofi. Upande wa Hale wakapiga makofi, upande wa Kwaluguru wakaona wanazidiwa, wakapiga zaidi. "Asante refa!" mtu akasema kwa sauti ya kanisani. Nicolaus akageuza sikio la pili. Akapuliza tena, makofi. Akatoa mpira wa kurusha kwa Kwaluguru, Hale wakamshukuru. Akaubadilisha akawapa Hale, Kwaluguru wakamshukuru.

Wachezaji nao walikuwa wameambukizwa. Mtu akimkwatua mwenzake anamwinua, anampangusa vumbi, anamuuliza habari za nyumbani. Kiungo mmoja kijana wa Hale alimkimbilia beki mkongwe wa Kwaluguru mwenye mpira mguuni, akamwambia "Shikamoo!" Beki wa watu, mtu mwenye malezi, akasimama kuitikia marahaba, na kijana akaondoka na mpira. Kipindi cha pili mabeki wote wa Kwaluguru walikuwa wanaamkiwa kila upande, na ni bahati tu kwamba mechi iliisha bila goli.

Nicolaus alimtafuta mama mkwe kwa masikio. Alijua amekuja, kwa sababu Fausta alimpokea stendi. Lakini sauti yake haikusikika hata mara moja. Dakika tisini nzima alikuwa kama mtu aliyefungiwa chumba cha giza akaambiwa apange vyombo.

Usiku ule alimweleza Fausta kila kitu, macho na masikio na tishio la Mzee Eliasi. Alitegemea mkewe atashtuka.

"Kwani mimi sijui?" alisema Fausta. "Mwaka juzi si uliliamkia shikamoo tangi la maji la shule? Ukangoja na kujibiwa."

"Nilidhani ni baba paroko."

"Ndiyo maana sikusema kitu. Niliona unamheshimu."

Nicolaus hakuwa na nguvu za kucheka. Alimwomba ampigie mama yake simu, amsihi mechi ya pili asikae kimya. Fausta akapiga, akaweka sauti ya nje, na Nicolaus, kwa adabu, akaigeuzia simu mgongo.

"Mwambie mkwe wangu," sauti ya Mama Fausta ikasema, "mimi nimeahidi mbele ya mtendaji, na watu wote wamenisikia. Nimepewa na kiti, nitakaa meza kuu karibu na huyo dada wa daftari. Mhina kasema akiniweka hapo nitaona haya. Wajukuu zangu wanacheza kwenye mawe, Fausta. Uwanja wa nyasi ni kitu."

"Mama, lakini refa anaomba..."

"Refa? Huyo simjui. Mkwe wangu namjua, ni mtu mzuri, mpe salamu zangu. Refa asinitumie ujumbe nyumbani kwangu." Simu ikakatika.

Jumamosi iliyofuata Nicolaus alikwenda Kwaluguru kwa pikipiki kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Turubai la meza kuu lilifungwa kwenye kona ya mashariki, hatua chache tu kutoka golini, kwa kuwa hapo ndipo penye kivuli. Walikaa Mhina, Joyceline, na Mama Fausta, ambaye kanga yake ilikuwa kichwani, soda mkononi, mdomo umefungwa. Mbuzi wa zawadi alifungwa nyuma ya goli hilo hilo, ili kila mtu amwone na kumtamani. Nyavu za magoli zilikuwa za katani, zimesukwa kwa mkono na wazee waliobaki wa makambi, na zilikuwa zimechakaa. Hakuna aliyefikiria kwamba mbuzi aliyeachwa tangu asubuhi karibu na katani ana mawazo yake. Hadi mpira unaanza alikuwa amekwisha kutafuna ubavu mmoja wa wavu, tundu la kupitisha sufuria.

Mechi ilikuwa kama ile ya kwanza, makofi na shukrani. Nicolaus alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani, akijaribu kuwa karibu na kila kitu, na kufikia dakika ya themanini pumzi zilikuwa zimemwisha na bado hakuna goli. Akaanza kuomba liishe hivyo hivyo.

Dakika ya themanini na saba mpira mrefu ukapigwa kuelekea mashariki. Yordani akaufukuzia. Nicolaus, aliyekuwa nyuma kabisa akihema, aliona jezi ya kijani ikiruka, jezi nyeupe ikianguka, kisha akaona kitu kimoja bila shaka yoyote: mpira upo ndani ya wavu.

Kibendera cha Kwaluguru kikapanda juu kwa furaha. Wachezaji wa Kwaluguru wakakumbatiana, lakini kwa kiasi. Nicolaus akamngoja kipa wa Hale, Matayo, nahodha wao, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kufungwa goli asilolipinga. Matayo aliinuka kutoka chini, akamkimbilia, akafumba macho, akafumbua.

"Refa," akasema kwa taabu, "sisi Hale tunapokea uamuzi wako wowote ule."

Kuna jambo halikukaa sawa. Nicolaus alilisikia kwenye ile sauti, lakini hakujua ni jambo gani. Akaangalia kushoto, watu wanatabasamu. Akaangalia kulia, wanatabasamu. Akitoa goli na si goli, barua ya Hale ipo njiani, moja peke yake, na filimbi imekwenda. Akikataa na kumbe ni goli, barua ya Kwaluguru, hivyo hivyo. Kwa upande wa turubai aliona tu umbo lenye kanga, limeinama mbele; hakuiona chupa ya soda iliyoshikwa kwa mikono miwili kama inataka kukimbia. Mama mkwe alikuwa ameona. Ilikuwa ndani yake, imefika kooni, na adabu ilikuwa imeikalia.

Ndipo akili ikamjia, au pengine ilimruka, mpaka leo watu wanabishana. Nicolaus akapiga moyo konde, akatembea mpaka katikati ya uwanja, akapuliza filimbi ndefu, akanyanyua vidole viwili.

"Goli!" akatangaza. "Na kwa jinsi lilivyo zuri, nalihesabu mawili!"

Uwanja mzima ukapigwa na butwaa. Hata mbuzi aliacha kutafuna. Kisha, naapa, kutoka upande wa Hale, yakasikika makofi. Machache, mazito, ya watu wanaozika. Matayo aliweka mkono kifuani, chozi likimlengalenga.

"Asante, refa," akasema.

Chupa ya soda ikaanguka.

Kanga ikashuka kutoka kichwani ikafungwa kiunoni, fundo moja, la pili. Mhina akamshika mkono, naye mama akausukuma mbali kama tawi la njiani.

"Mawili?" Mama Fausta alipiga ukelele uliosikika hadi barabarani. "Mawili umeyatoa wapi, ghalani kwako? Hata hilo moja halipo! Mpira umepita nje ya nguzo, umeingilia ubavuni, kwenye tundu la mbuzi! Mimi nimekaa hapa nimeona! We refa, hayo ni macho au vifungo vya shati?"

"Mama!" Yordani akamlilia. "Mama, tunashinda!"

"Usiniite mama! Umeona mpira unapita nje, umenyamaza. Nilikunyonyesha ili uje ufunge goli la mbuzi?"

"Mama Fausta, uwanja," Mhina akamsihi kwa sauti ya chini, akitupa jicho kwa Joyceline. "Uwanja wa nyasi!"

"Nyasi mlishe huyo mbuzi wako!"

Ikawa kama bwawa limepasuka. Hale wote walilipuka, majuma matatu ya adabu yakiwatoka kwa mara moja. Matayo alikuja mbio akimwambia Nicolaus mambo kuhusu kichwa chake na kilichomo. Kwaluguru nao wakavamia upande wa pili, wakidai goli lao, na moja la nyongeza kwa kuwa refa mwenyewe alikwisha kulitamka. "Oya refa, unatubania!" "Kipofu!" "Mwizi!" "Nyasi zimekuingia machoni!" Nicolaus alisimama katikati, mate yakimrukia pande zote mbili kwa kipimo sawa. Alikuwa nyumbani. Sheria inamruhusu refa kugeuza uamuzi kabla mpira haujaanza tena, na sheria hiyo aliikumbuka neno kwa neno.

Akaenda kwenye wavu, akaingiza mkono katika lile tundu hadi begani, akauonyesha umati.

"Si goli!" akasema. Wakamtukana wote kwa mpigo.

Mechi ikaisha bila goli, wakaenda penalti, Hale wakashinda na kuondoka na mbuzi, ambaye njiani alitafuna mkanda wa pikipiki ya Matayo. Kwaluguru walimnunia Mama Fausta siku mbili. Siku ya tatu wakarudi kuchota maji kwake kama kawaida, kwa sababu kisima ni chake.

Joyceline alikuwa ameandika hadi kalamu ikakauka. Jioni ile, uani kwa wakwe, Nicolaus akiwa amevua filimbi na kuitia mfukoni kabla ya kuvuka kizingiti, mtafiti alimsogelea.

"Kaka Nicolaus, nimepoteza mechi nzima na dakika themanini na saba nikichunguza watu waliokuwa wananiigizia," akasema. "Basi nijibu lile swali langu. Unajuaje umechezesha vizuri?"

Nicolaus alitazama vidole vya miguu yake, kwa maana mama mkwe alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi.

"Wakinitukana wote, dada."

Joyceline alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaliandika, akalipigia mstari.

Wiki iliyofuata Mzee Eliasi akamwita Korogwe. Nicolaus aliingia ofisini mkono umo mfukoni, umeshika filimbi. Mezani kulikuwa na barua.

"Hii ya Hale," Mzee Eliasi akasema. "Wameshinda, lakini wanalalamika kwamba uliwadhalilisha kwa vidole viwili. Hii ya Kwaluguru, wanasema uliwanyang'anya goli mbele ya mgeni. Zinatoshana hata kwa urefu." Akazipanga pamoja, akazipiga piga kingo zikalingana. Nicolaus akaanza kupumua. "Lakini mwaka huu kuna ya tatu."

Filimbi ikamponyoka vidoleni humo mfukoni.

"Hii haina jina. Soma mwenyewe, si maandishi ya karibu unaona?"

Mwandiko ulikuwa wa Yordani, ulioandikwa kwa hasira na kwa kulazimishwa. Maneno hayakuwa yake.

"Ndugu Katibu. Mimi ni shabiki wa Kwaluguru. Refa wenu haoni mbali. Nalijua hili kwa miaka kumi na moja, kwa sababu kila mara hupuliza baada ya mimi kusema. Ndiyo maana nasema kwa nguvu. Jina lake silitaji kwa sababu za nyumbani. Lakini si mwizi. Mwizi angeliacha lile goli, ni la shemeji yake, na angekula pilau kwangu jioni akishangiliwa. Mpimeni macho. Filimbi mwachieni."

Nicolaus aliisoma mara mbili. Mara ya tatu herufi zilimchanganya, na safari hii si kwa sababu ya umbali. Miaka yote alidhani yeye ndiye mjanja, anamtumia mama mkwe bila mwenyewe kujua.

"Hospitali ipo hapo mbele," Mzee Eliasi akasema kwa upole, akigeukia dirisha ili mtu mzima apanguse uso wake. "Waambie unataka kuona goli zima, siyo nusu."

Miwani ilikuwa mizito, na Fausta aliifunga nyuma kwa mpira wa manati isidondoke. Mwezi uliofuata Kwaluguru wakacheza mechi ya kirafiki ya kujipoza. Hakukuwa na turubai wala meza kuu. Joyceline, aliyerudi kwa kazi yake, alikaa chini katikati ya akina mama, kofia ameivua. Kwenye faulo ya kwanza alisimama akapaza sauti: "Refa, uamuzi wako unatia shaka!" Akina mama walicheka wakalaliana, wakaahidi kumfundisha.

Nicolaus alishangaa dunia ilivyo na vitu vingi. Aliona namba migongoni. Aliona majani ya mti ulio nyuma ya shule, jani moja moja. Halafu, akiwa katikati ya uwanja, kutoka hatua sitini nzima sauti aliyoizoea ikamwita kipofu, akageuka bila kufikiri, akauona uso.

Ulikuwa uso mdogo, wa duara, wenye mwanya mbele. Na ulikuwa unacheka. Mama mkwe alikuwa anamtukana kwa nguvu zake zote, kidole kimenyooka, mishipa ya shingo imesimama, na huku anacheka kwa raha kama mtu anayecheza na mtoto wake mwenyewe. Miaka kumi na moja Nicolaus alisikia sauti tu. Hakuna aliyewahi kumwambia habari ya kicheko.

Akainamisha macho haraka, kama mkwe anavyotakiwa, akatazama vidole vyake ndani ya viatu. Papo hapo beki mmoja akaudaka mpira kwa mkono mbele yake kabisa, na yeye hakuona.

"We refa!" Mama Fausta akapiga kelele. "Mkono huo! Umeongezewa macho mawili na bado!"

Nicolaus akapuliza, nusu sekunde baada yake.